Tusiwalee watoto wawe wachezaji tu

Jumamosi moja alasiri nilikuwa nikipita mtaa wa Makutano mjini Meru niliposikia kelele za vijana zikitoka katika chumba kidogo cha mabati. Nilizitambua sauti mbili miongoni mwa zile. Zilikuwa sauti za wanafunzi wangu wa gredi ya nane. Niliingia nikiwa nimekunja uso, tayari kuwafukuza warudi kwao. Mle ndani mlikuwa na runinga nne, mitambo minne ya PlayStation iliyochakaa, benchi za mbao na vijana wapatao ishirini. Kila mechi ya kandanda ililipiwa shilingi 20. Aliyeshindwa aliondoka, na aliyeshinda alibaki akimngoja mpinzani mwingine.

Kabla sijafungua kinywa, mmoja wa wanafunzi hao alinisogelea, akaniamkia kwa adabu, kisha akaniuliza: "Mwalimu, nani huamua mpira uende wapi?" Nilimjibu kwamba ni mashine. "Na mashine huambiwa na nani?" Nikasema huambiwa na watu walioiandikia programu. Alitafakari kidogo, akauliza tena: "Watu hao walijifunzia wapi?" Nilibabaika. Nilitoka katika chumba kile bila kumfukuza mtu, na swali hilo likanifuata hadi nyumbani.

Majuma machache baadaye nilikuwa kijijini kwetu, juu ya Runyenjes katika Kaunti ya Embu. Jirani yangu, mkulima wa majani chai, alikuwa amepokea bonasi yake ya mwaka. Alinijia jioni akiwa na karatasi aliyoandikiwa bei dukani. "Mwalimu," akasema, "huyu kijana wangu anataka gemu. Dukani wameniambia kuna ile ya kuunganisha na runinga, na kuna kompyuta ya kuchezea. Mimi sioni tofauti. Wewe uliyesoma, niambie ninunue ipi."

Najua wako wasomaji watakaosema kuwa swali hili ni la watu walioshiba, na kwamba mkulima mwenye busara angenunua mbolea. Siwalaumu. Lakini ukweli ni kwamba watoto wetu tayari wanacheza. Wanachezea katika vibanda vya Makutano, vya Chuka na vya Embu mjini, tena kwa pesa zetu. Mtoto anayecheza mechi tano kila Jumamosi kwa shilingi 20 hutumia shilingi 100 kwa juma, yaani shilingi 5,200 kwa mwaka. Kwa hiyo tulizungumzie jambo hili waziwazi, badala ya kujifanya kwamba halipo.

Jibu nililompa jirani yangu ndilo nililetalo leo mbele ya walimu na wanafunzi wasomao ukurasa huu. Mzazi anayeweza kununua kitu kimoja tu na anunue tarakilishi. Asinunue ile ya kifahari yenye taa za rangi rangi, bali ya kawaida. Wala asidhani kwamba akishainunua amemaliza kazi.

Haki yahitaji kwanza niutetee ule mtambo wa michezo, kwa maana una sifa zake. Ukiuunganisha na runinga na umeme, unacheza. Hauhitaji mtu mwenye ujuzi wa kuutengeneza kila uchao. Watengenezaji wake huuza mtambo wenyewe kwa faida ndogo, au hata kwa hasara, wakitumaini kupata pesa zao katika michezo. Ndiyo maana PlayStation 5, iliyotoka mwaka wa 2020 na ambayo hapa kwetu huuzwa zaidi ya shilingi 60,000, huonyesha picha ambazo tarakilishi ya bei hiyo haiwezi kuzionyesha. Ukitaka tarakilishi ya kushindana nayo, utahitaji kadi maalumu ya michoro, na gharama itapita shilingi 100,000 upesi.

Tena mtambo wa michezo hukusanya watu. Vijana wawili huketi kwenye kochi moja, kila mmoja na padi yake, wakacheka na kutaniana. Diski ya mchezo huweza kuazimwa au kuuzwa tena, ilhali michezo mingi ya tarakilishi hufungwa katika akaunti ya mnunuzi, hawezi kumpa hata ndugu yake kwa hiari. Na wapo waliopata riziki na sifa kwa kucheza. Mkenya Sylvia Gathoni, ajulikanaye kwa jina la QueenArrow, alisajiliwa na timu ya kigeni mwaka wa 2018 kwa ustadi wake katika mchezo wa Tekken. Kwa hiyo anayesema kwamba michezo hii ni upuuzi mtupu hajatazama vizuri.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo muuza duka hakumwambia jirani yangu. Ndani ya mtambo wa michezo mna tarakilishi kamili. Una ubongo, kumbukumbu na kadi ya michoro kama tarakilishi yoyote nyingine. Tofauti ni kwamba mlango wake umefungwa, na ufunguo anao aliyeutengeneza. Wewe uliyelipa pesa zako unaruhusiwa kuchezea yale tu aliyoyaidhinisha.

Atakaye ushahidi na autazame mfano wa PlayStation 3. Mtambo huo ulipotoka mwaka wa 2006, mwenye nao aliruhusiwa kuutia mfumo wa Linux na kuutumia kama tarakilishi: kuandika, kukokotoa, kutunga programu. Wanasayansi walifurahi. Jeshi la Anga la Marekani liliunganisha zaidi ya mitambo 1,700 ya aina hiyo, likapata tarakilishi moja kubwa ya utafiti. Kisha mnamo Aprili 2010 kampuni ya Sony ikatoa marekebisho ya programu yaliyoiondoa ruhusa hiyo, ikieleza kwamba ni kwa sababu za usalama. Aliyekataa marekebisho alizuiwa kucheza na wenzake kupitia mtandao. Mtu alikuwa amekwisha kulipa, mtambo uko sebuleni mwake, lakini mlango ulifungwa kutoka mbali.

Hata sheria za forodha zinatambua tofauti hii. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, ambao nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki huutumia kutoza ushuru, umeiweka tarakilishi katika sura ya 84 pamoja na mitambo ya kazi. Mtambo wa michezo ya video umewekwa katika sura ya 95, pamoja na vitu vya watoto vya kuchezea. Kwa lugha ya forodha, kimoja ni chombo cha kazi na kingine ni kitu cha kuchezea. Mzazi atumiaye pesa za majani chai au za kahawa yafaa ajue yuko katika sura ipi.

Labda mtu atauliza: je, mlango uliofungwa unamdhuru nini mtoto wa Runyenjes ambaye anataka tu kufunga mabao? Jibu la swali hilo tunalipata mbali kidogo, katika Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza. Kuanzia mwaka wa 1981, shule na nyumba nyingi za nchi hiyo zilikuwa na tarakilishi ndogo iliyoitwa BBC Micro. Ukiiwasha, haikukuonyesha mchezo wowote. Ilikungoja uiamrishe. Mtoto aliyetaka kucheza alilazimika kujifunza maneno machache ya kuiamuru, na wengi waliishia kutunga michezo yao wenyewe. Miaka ikapita, mitambo ya michezo ikachukua nafasi ya tarakilishi hizo sebuleni. Ilipofika mwaka wa 2006, Eben Upton na wenzake katika idara ya sayansi ya tarakilishi chuoni humo waligundua kwamba vijana wanaoomba kusomea fani hiyo wamepungua, na wale wanaokuja wanajua kidogo mno kuliko waliowatangulia. Kizazi cha watunzi kilikuwa kimegeuka kizazi cha wachezaji.

Upton na wenzake hawakuishia kulalamika. Mwezi wa Februari 2012 walianza kuuza tarakilishi ndogo sana, inayotosha kiganjani, kwa bei ya dola 35. Waliiita Raspberry Pi. Nia yao ilikuwa kumrudishia mtoto mashine ambayo hataogopa kuifungua, kuiharibu na kuitengeneza upya. Ikiwa taifa tajiri kama lile liliona hasara ya kuwalea watoto wasiojua kingine ila kubonyeza padi, sisi ambao hatukuwahi kuwa na hiyo BBC Micro katika kila shule tuna sababu kubwa zaidi ya kuhofu.

Nao walioachiwa mlango wazi wamefanya maajabu. Mchezo maarufu wa Counter-Strike haukubuniwa na kampuni kubwa. Mwaka wa 1999 vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, walichukua mchezo mwingine uitwao Half-Life, wakaubadilisha kwa tarakilishi zao wakiwa bado wanafunzi, hata ukawa mchezo mpya. Kampuni iliyotengeneza Half-Life ikawaajiri. Hapa kwetu Kenya, Andrew Kaggia alitoa mchezo wa Nairobi X mwaka wa 2015, ambao mapigano yake yanatokea jijini Nairobi badala ya New York. Kila mmoja wa hawa alianza kama mchezaji. Alivuka akawa mtunzi kwa sababu chombo alichochezea kilimruhusu kuvuka.

Tukitazama nyuma, wazee wetu walilielewa jambo hili bila kulitia katika vitabu. Wameru wana mchezo wao wa bao uitwao kiothi, na ndugu zao Wakikuyu huuita giuthi. Mtoto mchungaji hakungoja kununuliwa. Alichimba vishimo ardhini kando ya ng'ombe wake, akaokota kokoto au mbegu, akacheza. Aliyejua kucheza alijua pia kutengeneza. Hapakuwa na ukuta kati ya mchezaji na fundi. Ukuta huo umejengwa katika siku zetu, nasi tunaulipia.

Sasa nirudi kwa jirani yangu na karatasi yake ya bei. Nilimshauri asahau ile tarakilishi ya michezo iliyoandikwa pale, maana bei yake ilimeza bonasi yote. Katika maduka ya Embu na Meru kuna tarakilishi za mkono wa pili zilizotoka katika ofisi za ng'ambo, zikasafishwa na kurekebishwa. Nyingi huuzwa chini ya shilingi 25,000. Hazitacheza michezo mipya yenye picha za kung'ara. Zitacheza ile ya miaka iliyopita, ambayo mingi ni mizuri, na zitaendesha programu za kujifunzia utunzi. Scratch, iliyotolewa mwaka wa 2007 na watafiti wa taasisi ya MIT huko Marekani, ni ya bure na mtoto wa darasa la nne huimudu. Lugha ya Python ni ya bure. Godot, programu ya kuundia michezo yenyewe, ni ya bure pia.

Nilimshauri vilevile achague kipakatalishi badala ya tarakilishi ya mezani. Sababu yake ni ya kwetu hasa. Mto Tana unaopita kusini mwa Embu una mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na mtambo wa Gitaru pekee una uwezo wa megawati 225. Lakini mkazi wa Embu anajua vyema kwamba kuishi karibu na mabwawa si kinga ya kukatikiwa na umeme. Kipakatalishi chenye betri nzuri humpa mtoto muda wa kuhifadhi kazi yake. Tarakilishi ya mezani humzimikia katikati ya sentensi.

Kuna hoja nyingine ambayo yafaa wazazi waipime. Mtambo wa michezo mara nyingi huwa mali ya kijana wa kiume. Katika kile kibanda cha Makutano sikuona msichana hata mmoja. Tarakilishi ikiingia nyumbani, dada yake ana haki ya kuitumia kwa masomo, kaka mkubwa ataombea nafasi ya chuo kikuu, baba atatafuta huduma za serikali katika eCitizen, na mama ataweka hesabu za chama chake. Pesa zile zile zinaihudumia nyumba nzima.

Hata hivyo, sitaki kumdanganya mtu. Tarakilishi iliyonunuliwa na kuachwa bila uongozi huwa mtambo wa michezo usiofaa, wenye picha mbovu. Tena huweza kuwa na hatari kubwa zaidi, maana mlango ulio wazi huingiza mema na mabaya. Kupitia mlango huo huo mtoto hufikia kamari za mtandao, ambazo zimewamaliza vijana wengi wa nchi hii. Mtambo wa michezo angalau una uzio. Mwenye tarakilishi hana budi kujenga uzio wake mwenyewe: iwekwe sebuleni watu wanapopita, muda wa kuitumia ujulikane, na mzazi aulize kila jioni, "Leo umetengeneza nini?" Swali hilo ni bora kuliko "Leo umecheza saa ngapi?"

Hapa ndipo ninapowageukia walimu wenzangu, na siwezi kujiondoa katika lawama. Serikali ilipoanzisha mpango wa elimu ya kidijitali mwaka wa 2016, zaidi ya vifaa milioni moja vilisambazwa katika shule za msingi za umma. Katika shule moja niliyoijua kwa karibu, vishikwambi hivyo vilikaa kabatini chini ya kufuli, kwa hofu kwamba vitaharibika au kuibwa. Vilikaa hadi betri zake zikafa. Havikuharibiwa na mtoto yeyote. Viliharibiwa na ulinzi wetu. Nami nilikuwa miongoni mwa walimu waliopita mbele ya kabati lile kila asubuhi bila kuuliza ufunguo uko wapi.

Mwaka wa 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini, KICD, iliidhinisha silabasi ya utunzi wa programu kwa shule za msingi na za upili. Hiyo ilikuwa hatua ya kupongezwa. Lakini mwaka wa 2024 masomo ya Sekondari Msingi yalipopunguzwa kutoka 14 hadi tisa, sayansi ya tarakilishi iliunganishwa na masomo mengine katika somo la maandalizi ya kiufundi. Nakubali kwamba mzigo wa masomo 14 ulikuwa mzito. Hata hivyo, somo likiwa dogo kitabuni, ni rahisi mwalimu asiye na uzoefu kuliruka au kulisomesha ubaoni kwa chaki. Nimewaona watoto wakichora kibodi katika daftari, wakaitia rangi na kupewa alama, ilhali hawajawahi kugusa kibodi yenyewe.

Kwa sababu hiyo napendekeza mambo matatu yasiyohitaji bajeti ya Wizara. Kwanza, kila shule yenye vifaa ivitoe kabatini na kuvifungulia wanafunzi angalau siku moja baada ya masomo, chini ya mwalimu mmoja. Kifaa kikiharibika kikiwa mikononi mwa mtoto anayejifunza, hasara hiyo ni ndogo kuliko ya kabati. Pili, vyuo vikuu vilivyo jirani nasi, kama Chuo Kikuu cha Embu, kile cha Chuka na kile cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, vina wanafunzi wa tarakilishi ambao wangeweza kuja Jumamosi kuwafundisha wadogo zao. Na tatu, sisi walimu tusione haya kujifunza pamoja na wanafunzi. Mwalimu anayesema "hata mimi sijui, hebu tujaribu" hapotezi heshima yake.

Nawe mwanafunzi unayesoma makala haya, sikukatazi kucheza. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, lakini katika michezo ya video sisi tunacheza kwa watu. Uwanja ni wao, wachezaji ni wao, hata sauti ya mtangazaji ni yao, na shilingi zako 20 zinapomaliza safari yake zinaenda kwao. Utacheza kwenu siku utakapoutunga mchezo ambao uwanja wake ni Embu, nyimbo zake ni za Meru na jina lililoandikwa mwishoni ni lako.

Jirani yangu alinunua kipakatalishi cha mkono wa pili. Mwanawe alinuna kwa siku tatu, kwa maana marafiki zake walikuwa wakimngoja na PlayStation. Sijui bado kama atakuwa mtunzi au atarudi vibandani, na itakuwa ni uongo nikimwambia msomaji kwamba jambo hili limekwisha salama. Ninachojua ni kwamba likizo iliyopita alinionyesha mpira mwekundu unaodunda kwenye kioo. Ulikuwa ukipita ukutani badala ya kurudi. Aliniuliza kosa liko wapi, tukaketi kulitafuta, nasi hatukuliona hadi giza likaingia.

Na yule mwanafunzi wangu wa Makutano? Nimemtafutia jibu. Watu hao walijifunzia mahali ambapo mtu mzima mmoja aliwaachia mashine na ufunguo wake. Shule yetu bado ina vifaa ndani ya kabati. Jumatatu nitamwendea mwalimu mkuu kuuomba ufunguo.